Majani ya Kaburi Juu ya Tiyo

Mwaka wa 1969 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu alianguka kutoka juu ya muti wa ngazi, ule muchikichi wa mafuta, kule kwetu Wamaza, akiwa anakata mukungu, na hakuamka. Wiki iliyofuata nilitoka shuleni, mwaka wa pili wa primeri, sikurudi tena. Ndiyo masomo yangu yote. Kwa hiyo ninyi vijana wa kazi ya maji, kama herufi zangu zimelala, muzisimamishe wenyewe. Maneno yanasimama.

Ninawaandikia kwa sababu mwezi uliopita watatu wenu walifika mulangoni kwangu hapa Kasongo, wamebeba aparei, chombo cha kutafuta vitu chini ya ardhi, shingoni kama mutoto muchanga. Wakasema, "Papa Tiyo, tutapitisha tiyo za plastiki kutoka soko mpaka juu. Aparei inasema chini haiko kitu."

Nikawauliza, "Aparei yenu ilizaliwa mwaka gani?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Pale walipopima na aparei yao, chini kuna tiyo, yaani bomba la maji, ya fonte, chuma kizito cha wakati wa Wabeleji, na mimi niliifukia kwa mikono hii baada ya kuitengeneza mara tatu. Fonte haipindi. Ukiipiga inapasuka kama chungu, na ya kuweka badala yake haiuzwi Kasongo, wala Kabambare, wala popote ninapopajua.

Miaka thelathini na nane nililinda tiyo hiyo. Inatoka kwenye chemchemi mulimani, inateremka, inapita kijiji, inaingia mujini, inafika sante ambako wamama wanazaa, halafu robine za watu, zile za kufungulia maji. Kazi yangu haikuwa kuchimba. Kazi yangu ilikuwa kuzuia watu wasichimbe. Hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna mutu anayeiona.

Mutu akikuambia chimba hapa, usichimbe. Kwanza tembea. Kiangazi kikikauka, tafuta nafasi ambayo majani yake yamebaki mabichi peke yake: chini yake maji yanatoka, au yalitoka. Tazama udongo. Ardhi ikishachimbwa mara moja hairudii rangi yake, mwekundu na mweusi vinabaki vimechanganyika kama wali na maharage. Halafu uliza wamama wazee. Usiulize shefu wa eneo, shefu atakujibu hata kama hajui. Mama muzee aliyechota maji hapo akiwa musichana atakuambia, "Hapa palikuwa matope mwaka niliomuzaa Sumaili." Hiyo ndiyo plani. Ile ya karatasi ililiwa na muchwa zamani.

Ukishajua tiyo inapita upande gani, usichimbe ukiifuata. Chimba mutaro mufupi wa kuikata njia. Pioshi, ile sululu, inafanya kazi mpaka magotini tu. Kutoka hapo shika pele, lile beleshi, na ukiona muchanga au kipande cha tofali, weka hata pele chini, tumia vidole. Sisi tulilaza matofali mabovu juu ya kila tiyo, yakiwa juu yake kwa kiganja kimoja, ili chuma cha mutu kigonge tofali kwanza. Tofali likilia, simama. Tiyo ikilia, umechelewa.

Tena mujue kwamba tiyo haina adui mwenye hasira. Adui zake ni watu wazuri: anayechimba choo, anayechimba udongo wa matofali, mama anayetafuta mahali pa kuloweka mihogo. Mama mumoja wa mutaa wetu aliona tiyo inavuja nyuma ya jiko lake. Akapanua tundu kidogo, akachimba shimo, akaloweka mihogo yake kiangazi chote bila kwenda mutoni. Nilipomukuta akaniambia, "Baba, si mimi niliyeyaita haya maji. Yalikuja yenyewe kama mugeni. Ningeyafukuza?" Nilifunga tundu. Lakini kwanza nilikula ugali wake, maana ulikuwa umeiva tayari.

Sasa kosa langu la kwanza. Mimi siwezi kuwafundisha makosa ya wengine nikaficha yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina nguvu, sina akili. Aliyenipokea kazini alikuwa Muzee Lubunga, mutu mufupi, jicho moja lina ukungu, lile lingine linaona kwa mawili. Alinituma nitafute tiyo ndogo ya kando. Nikainua pioshi juu kabisa, nikaishusha. Maji yakaniruka usoni. Muzee Lubunga alikuja taratibu, akatazama tundu, akanitazama mimi.

"Weye unachimba kama mutu anayemutafuta mwizi," akasema. "Weka kidole."

Nikaweka kidole kwenye tundu.

"Usikitoe."

Akaenda kufunga vane, kile kilango cha chuma kinachozuia maji, na vane ilikuwa mbali, karibu na chemchemi. Kumbe alipofika alikuta ufunguo hauko. Mwenzake alikuwa ameupeleka Nyangwe ndani ya mufuko wa suruali, amekwenda kula samaki kwa wakwe zake. Nilikaa katika lile shimo tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Wamama wa soko wakapita na mabeseni yao. "He, weye, unanyonyesha tiyo?" "Muacheni, ni mutoto wake wa kwanza!" Mumoja akanilisha ndizi kwa mukono, maana wangu mumoja ulikuwa kazini na mwingine ulikuwa matope.

Muzee Lubunga alipofunga maji kwa koleo la kuazima na kurudi, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kabla ya kuchimba ulijua vane iko wapi?" Nikasema hapana. "Ulijua ufunguo iko kwa nani?" Nikasema hapana. "Basi hukuchimba. Ulicheza." Mpaka leo nikimuona mutu anainua pioshi, kinywa changu kinauliza chenyewe: ufunguo uko kwa nani?

Jambo kubwa alilonifundisha muzee yule ni lile la majani, na ndilo linaloniuma.

Tulikuwa tumejaribu kila alama juu ya njia ya tiyo. Tuliweka vibao vya bati, vikageuka mbabula, watu wakachoma mahindi juu yake. Tuliweka miti, ikageuka kuni. Tuliweka mawe makubwa, na mawe yakaonekana tena chini ya nyumba ya mutu, yamekuwa musingi. Siku moja Muzee Lubunga akaja na mufuko umejaa vipande vya yale majani marefu magumu tunayopanda kwenye makaburi. Munayajua. Hayafi kiangazi, na hakuna mutu wa huku anayeyagusa. Akaanza kuyapanda juu ya tiyo, kwenye muteremko unaoingia kijijini, mawili mawili, hatua kumi na tano, tena mawili.

Nikamuambia, "Muzee, watu watafikiri ni makaburi."

"Mimi nimesema ni makaburi?"

"Hapana."

"Basi. Wakikuuliza, usijibu. Vua kofia, pita."

Tulifanya hivyo. Kila tulipopita kwenye muteremko ule tulivua kofia. Watu wa kijiji wakatuona, nao wakaanza kuvua. Kufika mwaka wa pili hakuna jembe lililokaribia pale. Mbuzi walifungwa mbali. Muzee Lubunga alipokufa nami nikashika kazi yake, niliendelea kupanda mpaka muteremko wote ukawa na majani, toka juu mpaka kwenye nyumba za mwanzo. Nilikuwa na kiburi sana. Wengine walikuwa wanarekebisha tiyo kila mwezi; yangu ilikuwa imelala kama mufalme.

Mara moja nilionywa, sikusikia. Kiangazi kimoja maji ya sante yalipungua. Nilitembea njia yote, nikakuta kati ya majani udongo umelowa, umetengeneza kidimbwi. Tiyo ilikuwa imepasuka kwenye kiungo. Mama mumoja wa kijiji alikuwa anapita mbali, ameinamisha kichwa. Nikamuita, nikamuuliza yameanza lini.

"Tangu mvua za mwisho, baba."

"Miezi yote hiyo? Kwa nini hamukuniita?"

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Tulifikiri marehemu analia. Mutu anaenda kusema hayo kwa nani?"

Nilitengeneza kiungo, nikarudi nyumbani, nikacheka nikimuelezea bibi yangu, mama wa watoto wangu. Bibi yangu hakucheka. Alisema, "Watu wanaokuogopa hawakuletei habari." Nikamuambia aniletee chakula. Hapo ndipo nilipaswa kuamka.

Halafu vita vikaja, vikaenda, vikaja. Watu wa upande wa Kabambare walikimbia, wengi wakafika kijiji kile cha muteremkoni. Kapita, mukubwa wa kijiji, jina lake Kalonda, aliwapokea bila kuwauliza mengi. Ni mutu mwema, ninasema hivyo hata kama alinitukana, na alikuwa na haki.

Siku moja, saa nne asubuhi, nilikuwa ninateremka kukagua njia kama kawaida, kofia mukononi. Nikaona watu wamekusanyika katikati ya majani yangu. Sanduku la mbao lilikuwa juu ya viti viwili. Wanaume wawili walikuwa ndani ya shimo, limefika viunoni mwao, na pioshi inapanda na kushuka. Shimo lilikuwa sawa juu ya tiyo. Si kando. Juu.

Kapita Kalonda akaniona. "Karibu, Papa Tiyo. Umefanya vizuri kuja. Tunamuzika mume wa Mama Feza, wale wageni wetu."

"Simamisha kwanza hao," nikasema.

"Iko nini?"

Na mimi, mutu muzima, nikasema, "Hapa iko mutu tayari."

Mama Feza alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele, kitambaa kichwani. Akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti yake haikutetemeka.

"Papa, ndiyo tunataka hivyo," akasema. "Kwetu iko mbali, na hapa hatuna ndugu. Kapita ametupa nafasi katikati ya wazee wa hapa, ili mume wangu asilale kama mugeni. Kama iko mutu karibu, ni vizuri. Watazungumza."

Vijana, nimepigwa na waasi, nimelala porini siku tisa, lakini sijapata kupigwa kama na maneno yale. Wema wa kapita na haja ya mama yule vilikuwa vimekutana juu ya uongo wangu, na sasa vinachimba.

Bado nilikuwa ninatafuta uongo mwingine. Nilikuwa nao hata. Mutu akizoea haukosekani. Ningesema pale walizikwa watu wa ugonjwa mubaya, na wangekimbia. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Halafu nikasikia, ndani ya shimo, kwaa.

Tofali lilikuwa limelia.

Nikaruka ndani na viatu vyangu, nikaushika mupini wa pioshi. Yule kijana aliyekuwa nayo akanitazama kama mwenda wazimu. Nikasema kwa sauti ambayo wote walisikia: "Hapa haiko kaburi. Haiko hata moja, toka kule juu mpaka chini. Hayo majani tuliyapanda sisi, marehemu Lubunga na mimi. Chini iko tiyo ya maji. Kiganja kimoja chini ya hii tofali."

Halafu Kapita Kalonda akaja mpaka ukingo wa shimo. Alivaa kofia yake. Niliona anaivaa.

"Papa Tiyo," akasema, "mimi nimevua hii kofia hapa mara ngapi?"

"Nyingi, kapita."

"Na mvua inaninyeshea."

"Ndiyo."

"Kwa heshima ya tiyo."

"Ya maji, kapita."

"Usinichezee, muzee!"

Yule kijana wa pioshi naye akasema, "Mama yangu alileta mutoto mugonjwa hapa, akapiga magoti, akaomba hawa wazee wamusaidie. Kumbe aliomba tiyo?" Baadhi walitaka kucheka wakashindwa, kwa sababu sanduku lilikuwa pale. Wengine walinitukana, kwa Kibangubangu na kwa Kizimba, na mimi ninasikia zote mbili.

Mama Feza peke yake hakunitukana. Alisubiri wamalize. Kisha akaniuliza, "Mimi nitajuaje kwamba sasa unasema kweli?"

Lilikuwa swali la haki. Nilichukua baramini yangu, ile fimbo ndefu ya chuma, nikaondoa tofali, nikakwangua udongo kwa vidole, nikaigusisha fimbo kwenye tiyo taratibu kama unamuamusha mutoto. "Shuka, mama. Weka sikio juu ya chuma." Akashuka. Akainama na kitambaa chake cha musiba, akaweka sikio. Maji yanayopita chini yanaongea kupitia chuma. Ukishayasikia mara moja huyasahau. Alikaa hapo muda murefu.

"Yanaenda wapi?"

"Sante. Halafu robine za mujini."

Akainuka, akajifuta udongo. "Basi fukieni vizuri," akawaambia wanaume. Halafu kwangu: "Na mimi? Mume wangu nimuweke wapi? Jua linapanda."

Watu wote walinitazama, na kapita alinitazama kuliko wote. Sasa musikie. Mimi nilitoka Wamaza kwa miguu, sina hata sandali. Parseli yangu, hiki kiwanja hapa Kasongo, sikupewa na mutu. Mwishoni mwa parseli hiyo, chini kidogo ya migomba, nilikuwa nimejichagulia nafasi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeipima kwa kamba. Nilijivunia kwamba mutoto wa mukata ngazi atalala katika ardhi yake.

Nikasema, "Twende kwangu."

Tulibeba lile sanduku mpaka kwangu, nami nikiwa kwenye kona ya mbele, na hakuna aliyezungumza nami njia nzima. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimerudisha matofali yote kwa mukono wangu, moja moja. Huko nyumbani nilichimba mimi mwenyewe. Kapita alichukua pele, akanisaidia. Tulipomaliza akavua kofia. Akanitazama, akasema, "Hii ninajua iko mutu."

Nitawaambia kweli mpaka mwisho: ukweli ulilinda tiyo vibaya kuliko uongo, mwanzoni. Mwaka ule ule walichimba mara mbili. Mara moja choo, mara moja udongo wa matofali, na mara ya pili walipasua kabisa, muji ukakaa siku nyingi bila maji. Wakubwa wangu kazini walisema niliharibu kazi ya Lubunga. Lakini mara zote mbili walikuja wakikimbia kuniita, matope bado magotini. Wakati wa makaburi hakuna mutu aliyewahi kukimbia kuja kwangu.

Baadaye Mama Feza, ambaye alikuwa amesikia maji kwa sikio lake, alianza kuwaleta wamama wengine wasikie. Alinigongea mulango: "Papa, lete chuma chako." Nikawa ninaleta. Kila mwaka, kabla watu hawajaanza kuchimba udongo wa matofali, kapita anatembea njia yote na watu wake, na kila nyumba inajua kipande chake: toka muhogo huu mpaka kizingiti kile ni chako. Majani bado yapo. Wanayapogoa wenyewe. Sasa wanayaita majani ya tiyo, na wakipita hapo hakuna anayevua kofia, ila wale wanaotaka kunicheka.

Sasa mumekuja na aparei. Sikatai aparei. Lakini aparei haiwezi kuona haya, wala haiwezi kuomba musamaha. Nendeni kwanza mukanywe maji kwa wamama wa muteremkoni, muulize.

Mimi leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mabati yote. Nina baiskeli moja, ya kweli, si ya kusukuma tu. Mbuzi watano. Migomba, sikuihesabu. Watoto sita waliosoma kunipita mimi, jambo ambalo si gumu. Baramini moja, ncha yake imeisha. Ufunguo wa vane sina tena. Uko kwa Mama Feza, nyumba ya tatu ukivuka sante, na kabla ya kuinua pioshi yoyote mupitie kwake. Na chini ya migomba nina kaburi moja la mutu ambaye sikumujua akiwa hai, limepandwa majani mawili kichwani, mawili miguuni. Nafasi yangu imesogea kidogo kando yake. Lile, mukipita, munaweza kulivulia kofia.